Msimu wa joto katika mji wa Sur



Shule zikifungwa, watoto huuliza: "Likizo hii tunakwenda wapi?" Kwa familia nyingi za Sur, mji wa mabaharia ulioko pwani ya mashariki ya Oman, jibu zamani lilikuwa moja tu: tunahamia kwenye mitende. Tumeona tuwasimulie vijana wetu habari hii, kwani inatugusa sisi watu wa mwambao kuliko tunavyodhani.

Bahari ikifungwa, baba yuko nyumbani

Majahazi ya Sur yaliishi kwa pepo zilezile tunazozijua sisi. Yalishuka na kaskazi mpaka Lamu, Mombasa na Zanzibar yakiwa na tende, chumvi na papa mkavu. Kusi ilipoanza, mwezi wa Aprili au Mei, yalirudi na boriti za mikoko kutoka Lamu na delta ya Rufiji. Kuanzia Juni mpaka Agosti kusi huvuma kwa nguvu katika Bahari ya Arabuni, na majahazi yalipandishwa pwani. Kwa hiyo miezi ya joto kali ndiyo iliyokuwa miezi ya familia. Baba aliyekosekana nusu ya mwaka sasa yupo, anafundisha wanawe na anatengeneza chombo chake.

Boriti zile zilishikilia mapaa bapa ya nyumba za Oman na Ghuba nzima. Usiku wa joto watu walipanda juu ya paa na mikeka yao wakalala huko. Basi mtoto wa Sur alilala chini ya nyota, na mgongo wake umebebwa na mti wa Rufiji.

Kuhamia mashamba

Msimu huu Waomani wanauita qaidh, yaani kipindi cha joto na mavuno ya tende. Pwani huwa na unyevu mzito, hivyo watu wa Sur walifunga nyumba zao wakaingia bara kidogo, mpaka Bilad Sur penye mashamba ya mitende. Hawakuchukua vitu vingi. Makazi yalikuwa mabanda ya makuti ya mtende, yenye nafasi za kupitisha upepo. Maji ya kunywa yaliwekwa ndani ya mtungi wa udongo uliotundikwa kivulini. Mtungi ukitoka jasho, upepo unalikausha, na maji ya ndani yanapoa bila barafu.

Maji ya mashamba mengi ya Oman yalitoka kwenye falaji, mfereji unaoleta maji kutoka chini ya ardhi au bondeni kwa mteremko tu, bila pampu. Maji hutumiwa kwa utaratibu: kwanza ya kunywa, kisha ya msikiti na ya kuoga, na mwisho ya mashamba. Zamu za kumwagilia zilipimwa mchana kwa kivuli cha jua na usiku kwa nyota. Mwaka 2006 UNESCO iliziingiza falaji tano za Oman katika Urithi wa Dunia, na mojawapo, Falaj Al-Jeela, iko katika wilaya ya Sur.

Tende ya kwanza kuiva ni naghal, kisha zinafuata aina nyingine kama khalas na fardh, na khasab huchelewa. Huko bara, upande wa Bidiyah na Ibra, tende ya mabsali ilivunwa ikiwa bado ya manjano, ikachemshwa kwenye masufuria makubwa na kuanikwa juani, kisha ikauzwa India. Kazi hiyo ilikusanya wanaume, wanawake na watoto. Na mavuno yalikuwa na haki yake: zaka ya 1/10 kwa shamba linalopata maji bila gharama ya kuyanyanyua, na 1/20 kwa linalomwagiliwa kwa kuteka.

Tukumbuke pia kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akifuturu kwa rutabu, ile tende laini ya msimu huu. Na vita vya Tabuk, mwaka wa 9 Hijria, viliitishwa katika joto kali, wakati matunda yameiva na vivuli vinatamanisha. Aliyewahi kukaa chini ya mtende mwezi wa Julai anaelewa mtihani ule ulikuwa mzito kiasi gani.

Kilichobadilika

Baada ya 1970 barabara, umeme na viyoyozi vilienea Oman. Miaka hiyo pia walirudi Waomani wengi kutoka Afrika Mashariki, baadhi yao wakiwa wameondoka Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964, na ndiyo maana Kiswahili kinasikika huko hadi leo. Hatuwezi kubeza kiyoyozi. Juni 2018 huko Qurayyat, mji mdogo wa pwani kati ya Muscat na Sur, joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6 kwa saa 24, mchana na usiku. Mzee au mtoto mchanga angeteseka sana bila umeme.

Lakini joto lilikuwa likiwatoa watu nje pamoja, na sasa linamfungia kila mtu chumbani kwake. Falaji nayo haijisafishi. Inahitaji wenye hisa wakubaliane na watoe nguvu zao au mali zao. Warithi wakilisahau shamba, mtende unakauka, na pamoja nao unakauka ule ujirani wa kugawana maji kwa haki.

Ndugu zangu, si lazima tuwe na mitende ndipo tufaidike na mafunzo haya. Likizo hii tuzime televisheni jioni moja, tutandike mkeka barazani, tumwombe babu au bibi asimulie kaskazi na kusi za zamani zake. Embe la kwanza kuiva tumpelekee jirani. Haya hayana gharama, na mtoto hayasahau.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuzihifadhi neema zake na tuzigawane kwa uadilifu. Amin.

Wabillahi Tawfiq.