Tabia isiyobainishwa katika lugha ya C

Tabia isiyobainishwa ni hali ambayo kiwango rasmi cha lugha ya programu ya C, kilichotolewa kwanza Marekani mwaka 1989, hakiweki sharti lolote kuhusu matokeo yake. Mifano ni kugawa namba kamili kwa sifuri, kusoma nje ya mipaka ya safu, na kujumlisha namba kamili yenye alama hadi ipite kikomo. Kwa biti 32 kikomo hicho kwa kawaida ni 2,147,483,647.

Wengi hudhani kosa la aina hii litaishia pale lilipotokea. Sivyo. Kompaila, yaani programu inayotafsiri msimbo kuwa maagizo ya mashine, inaruhusiwa kuchukulia kwamba hali hiyo haitatokea kamwe, kisha ikapanga upya msimbo kwa kutegemea dhana hiyo. Kwa namba kamili yenye alama x, swali kama x + 1 > x hugeuzwa kuwa kweli daima, na ukaguzi uliowekwa kwa uangalifu unaweza kufutwa bila onyo.

Mwaka 2009 jambo hili lilijitokeza katika keneli ya Linux. Kiendeshi cha mtandao pepe kiitwacho TUN kilitumia kielekezi (anwani ya mahali katika kumbukumbu) kusoma kumbukumbu, ndipo kikauliza kama kielekezi hicho ni tupu. Kompaila ya GCC ikahitimisha kwamba kilichokwisha kutumika hakiwezi kuwa tupu, ikaliondoa swali lenyewe. Mlango wa wadukuzi ukabaki wazi. Baadaye keneli ikaanza kujengwa kwa chaguo la -fno-delete-null-pointer-checks, linalozuia ufutaji huo. Zana ya UBSan hugundua makosa mengi ya namna hii programu ikiendeshwa, ingawa haioni njia ambazo majaribio hayakuzipita.