Ateri ya Mkono, Ateri ya Paja na Mgonjwa wa Delta ya Rufiji: Historia ya Njia za Kuufikia Moyo

Historia ya kuzibua mishipa ya moyo kwa kupitia mkononi huandikwa kwa kawaida kama historia ya matabibu: nani alitangulia, kwa ateri ipi, kwa mrija wa unene gani. Katika delta ya Rufiji swali hilo hutanguliwa na jingine, yaani mgonjwa anafikaje. Manowari ya Kijerumani, Königsberg, ilijificha humo tangu mwishoni mwa 1914 hadi Julai 1915, ikilindwa na mikoko na maji yanayokupwa na kujaa. Jiografia hiyo haijabadilika sana. Mkazi wa Salale au Kiongoroni anayebanwa na kifua usiku huweza kulazimika kungoja maji yajae ndipo boti ielee, na barabara ya Dar es Salaam ingali mbele yake. Daraja la Mkapa, lililofunguliwa 2003, liliwaondolea watu wa Ikwiriri adha ya kivuko. Watu wa visiwani halikuwagusa.

Tangu Sven-Ivar Seldinger achapishe mbinu yake mwaka 1953, mlango uliozoeleka ulikuwa ateri ya paja, penye kinena. Ni pana na huchomeka kwa urahisi, lakini ikivuja, damu huweza kujikusanya nyuma ya tumbo bila kuonekana. Mwaka 1989 Lucien Campeau wa Montreal alitoa taarifa ya wagonjwa 100 waliopigwa picha za mishipa ya moyo kupitia kifundo cha mkono. Mwaka 1992 Ferdinand Kiemeneij, huko Amsterdam, akaitumia njia hiyo kutanua mshipa ulioziba. Ateri hii ni nyembamba na hujikaza, ila imelala juu ya mfupa, hivyo kuibana kwa bangili kunatosha kuzuia damu, na kiganja hulishwa pia na ateri ya pili.

Utafiti wa RIVAL (2011), wenye wagonjwa 7,021, haukuonesha tofauti kwa jumla, isipokuwa madhara ya mshipa yalipungua na, katika kundi la shambulio kubwa la moyo, vifo vilipungua. RIFLE-STEACS (2012) nchini Italia ulikuta vifo vya moyo asilimia 5.2 kwa njia ya mkono dhidi ya 9.2 kwa paja. Kisha SAFARI-STEMI (2020) haukuona tofauti ya vifo. Wengine waliusoma kama mwisho wa mjadala. Usomaji huo ni wa haraka mno: utafiti ulisimamishwa kabla ya idadi iliyokusudiwa kutimia, na dawa zilizotumika zilikuwa zile zenye kuvujisha damu kidogo.

Hapo ndipo Kibiti inapoingia. Miongozo ya Ulaya hutaka mshipa uzibuliwe kwa katheta ndani ya dakika 120 tangu ugonjwa utambuliwe. Ikishindikana, mgonjwa apewe dawa ya kuyeyusha donge la damu, kisha asafirishwe. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa 2015 pale Muhimbili, imeileta huduma ya katheta karibu kuliko India, walikokuwa wakipelekwa wengi. Hata hivyo, kwa mtu wa delta dakika 120 zaweza kuishia majini. Yeye ni mgonjwa wa dawa kwanza, katheta baadaye, na atawasili damu yake ikiwa haigandi vizuri. Kumchoma paja wakati huo ndiko kwenye hatari kubwa zaidi. Faida ya kifundo cha mkono ni kubwa kwake, ingawa tafiti hizo hazikumlenga hasa yeye.

Kiemeneij alirudi mwaka 2017 na njia nyingine, kwenye kishimo kilicho nyuma ya mkono chini ya dole gumba. Katika utafiti wa DISCO RADIAL (2022) ateri iliziba kwa nadra kwa njia zote mbili, bila tofauti ya maana. Njia mpya ilikausha damu mapema lakini ilishindikana mara nyingi zaidi, na kulazimu kuchoma mahali pengine. Kwa mgonjwa aliyekwisha kupoteza saa nyingi kwenye mashua, upungufu huo wa pili una uzito kuliko faida ya kwanza.