Kisenta cha Klachi

Giaboksi ikishashushwa katika gereji bubu yoyote ya Buswelu, Mwanza, fundi hubaki na tatizo lisilotatuliwa na spana. Pleti mpya ya klachi hukaa kati ya flaiwili na presha pleti, na mpaka bolti za presha pleti zikazwe, pleti hiyo iko huru kusogea juu, chini, huku na huku. Ikikazwa ikiwa imekaa pembeni kidogo tu, shafti ya giaboksi haiingii. Watu wawili watalala chini ya gari wakiisukuma giaboksi kwa mikono na magoti, wataitingisha, watamlaumu aliyeleta spea, halafu watafungua kila kitu waanze upya.

Kifaa cha kuzuia adha hiyo, vitabu vya ufundi vya Kiingereza hukiita *clutch alignment tool*. Mfasiri mwenye haraka ataandika "kifaa cha kulinganisha klachi", na kisarufi huwezi kumkamata. Ila kulinganisha ni kuweka vitu viwili ukaona kipi kimezidi. Fundi atadhani unataka kupima pleti kuukuu na mpya. Kusema "alaimenti" ni kuharibu zaidi, maana neno hilo mitaani lina mwenyewe: ni la magurudumu, gari linapovuta upande mmoja.

Fundi hahangaiki na nomino. Anasema "senta pleti kwanza". Senta ni la kukopa, lakini limekwishakuwa la nyumbani. Kila mwenye lori anaijua senta bolti. Ukilivika *ki-* ya vifaa, kama kizibo kilivyotoka kwenye kuziba, unapata *kisenta*. Nalipendelea hilo, na BAKITA wakilipokea sitalalamika. Uzuri wake ni kwamba linataja kazi, halitaji bidhaa. Kijiti kinachosenta ni kisenta, kiwe kimetoka dukani au kwa seremala.

Kwa seremala ndiko hasa. Kisenta ni mti wa mviringo wenye unene wa aina mbili. Ncha yake huingia kwenye beringi ndogo iliyo katikati ya flaiwili. Sehemu inayofuata, nene zaidi, hujaza tundu la pleti lenye meno. Nyuma hubaki mpini wa kushikia. Vipimo havikisiwi. Beringi nyingi zimechongwa namba ubavuni: 6201 ina tundu la milimita 12, 6202 ni 15, 6203 ni 17. Tundu la pleti hupimwa kwa kalipa, kutoka ncha ya jino hadi ncha ya jino la upande wa pili, si kwenye mabonde. Anayekereza miguu ya vitanda kando ya barabara anaweza kukereza kisenta cha mninga. Aache kiwe kinene kidogo kuliko kipimo, kisha msasa umalize: kiingie kwa kubana, kisitingishike.

Asiye na seremala huchukua kipande cha mpini wa fagio, akakizungushia teepu hadi unene utoshe. Kinafaa, ila teepu hubonyea, na kosa dogo pale ncha inapoingia huonekana wakati wa kurudisha giaboksi. Bora kuliko vyote ni shafti ya giaboksi iliyokufa, ya gari la aina ileile, iliyookotwa kwenye chuma chakavu. Hiyo ina meno yake na ncha yake. Hakuna cha kupima. Magari mengi yanayovutwa na magurudumu ya mbele hayana beringi ile ya flaiwili, basi pleti husentwa kwa kufuata vidole vya springi ya presha pleti, mara nyingine kwa macho tu.

Kisenta kikiwa ndani, bolti hukazwa kidogokidogo kwa kukingamana, kisha kinachomolewa. Hapo huja ndugu yake, ambaye hata jina hahitaji: bolti mbili ndefu zilizokatwa vichwa kwa msumeno wa chuma, zikatiwa mfereji wa bisibisi kwenye ncha. Zinafungwa kwenye injini, giaboksi inatelezeshwa juu yake hadi mahali pake, kisha zinatolewa kwa bisibisi na bolti za kawaida kurudishwa. Muhimu zaidi, hubeba uzito ambao vinginevyo ungening'inia kwenye pleti mpya na kuipinda kabla gari halijapanda hata mlima mmoja wa Mwanza, mji ambako dereva wa Hiace hulishikilia gari kwa klachi kwenye mwinuko, ingawa handibreki ipo.

Kuna klachi zinazokataa ujanja wa kisenta peke yake. Tangu miaka ya 1990 baadhi ya magari ya Ulaya, BMW yakiwemo, yamefungwa presha pleti inayojirekebisha yenyewe kadiri pleti inavyolika. Ukiikaza kwa bolti tu, pete yake ya ndani inaweza kuzunguka kabla ya wakati, na klachi ikawa imekosewa ingali mpya. Hiyo inataka kibano maalumu cha kuigandamiza wakati wa kufunga, na mninga hauwezi kazi hiyo. Mwenye gari la namna hiyo amuulize fundi kama anacho kibano kabla giaboksi haijashushwa.