Kuchanganya rangi: hesabu ndogo inayookoa ndoo nzima

Nilipokuwa bado kijana wa kubeba ngazi, nilipewa sebule ya nyumba ya arusi hapa Malindi niipake rangi ya waridi. Ndoo iliisha ukuta mmoja ukiwa nusu. Nikachanganya nyingine kwa kukisia tu. Jioni, chini ya taa, zilifanana. Asubuhi jua lilipoingia dirishani, ukuta ulionekana kama kanzu iliyotiwa kiraka. Ujira wangu wa siku tatu uliishia kununua rangi upya. Kosa lilikuwa langu. Nayaandika haya kwa mafundi wachanga, kwa kina mama wanaotia nguo rangi, na kwa yeyote anayetaka kupaka chumba chake mwenyewe.

Rangi za msingi kwa fundi ni tatu: nyekundu, manjano na buluu. Nyekundu na manjano huzaa rangi ya machungwa. Manjano na buluu huzaa kijani. Buluu na nyekundu huzaa zambarau. Wachapishaji wana hesabu yao: wao hutumia siani, majenta, manjano na nyeusi.

Mwingereza Isaac Newton alizipanga rangi katika duara kwenye kitabu chake cha mwaka 1704, na mpaka leo duara ndilo tunalofundishia. Rangi zinazotazamana ni nyekundu na kijani, buluu na machungwa, manjano na zambarau. Ukizichanganya nusu kwa nusu hufishana, zikawa kahawia au kijivu. Lakini tone moja ni dawa. Kijani chako kikiwa kikali mno, usikimbilie nyeusi. Tia tone la nyekundu, kitatulia.

Jambo la pili ni kwamba buluu haziko sawa. Iko inayoelekea zambarau na iko inayoelekea kijani. Ukitaka kijani cha kung'aa, chukua buluu inayoelekea kijani na manjano ya limau. Ukichukua buluu yenye wekundu ndani yake, umeshaingiza rangi ya tatu bila kujua, na kijani kitafifia.

Unapotaka rangi hafifu, anza na nyeupe, kisha tia rangi kali kidogo kidogo. Ukianza na rangi kali utamaliza ndoo tatu za nyeupe ukiifukuza.

Huku kwetu iko pia chokaa. Chokaa ni kali, na rangi nyingine huharibika ndani yake. Zile zitokanazo na udongo na kutu ya chuma, kama nyekundu ya udongo na manjano ya udongo, huvumilia chokaa na jua pia. Kumbuka kuwa chokaa ikikauka hupauka sana, ilhali rangi nyingi za maji hukauka zikiwa nzito kidogo. Basi usihukumu rangi mbichi. Paka kipande ukutani, ngoja ikauke, kitazame mchana na usiku.

Kupanga rangi nako kuna kanuni. Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul alisimamia utiaji rangi katika karakana ya mazulia ya Gobelins, Paris. Watu walilalamika kwamba nyuzi nyeusi zilikuwa hafifu. Alipochunguza, aliona kosa haliko kwenye nyeusi bali kwenye rangi iliyowekwa jirani nayo. Kitabu chake kilitoka mwaka 1839. Mama zetu wanalijua hilo kwa macho: tazama leso ya kisutu, nyekundu, nyeusi na nyeupe, kila moja ikimpa mwenzake nguvu.

Kabla ya kuchanganya, elewana na mwenye nyumba. Kiswahili chetu huita rangi nyingi kwa vitu: manjano ni bizari, zambarau ni tunda, kijivu ni jivu, kahawia ni kahawa. Basi mteja akisema kijani, muulize jani gani. Jani la mkilifi si jani la mgomba mchanga. Mwambie akuletee jani lenyewe, au kipande cha nguo.

Mwisho, piga hesabu. Lita 1 ya rangi ya maji hupaka takriban mita 10 za mraba kwa mkono mmoja, na plasta mpya hunywa zaidi. Chumba chenye kuta nne, kila ukuta mita 4 kwa 2.5, ni mita 40 za mraba. Mikono miwili ni 80, yaani lita 8 hivi. Changanya 9 kwa mara moja, katika chombo kimoja. Pima kwa kikombe kilekile na uandike vikombe vingapi vya nini. Ile lita inayobaki funika vizuri umwachie mwenye nyumba. Ndiyo ya kuzibia mikwaruzo baadaye.

Mimi siku ile ningekuwa na kikombe, kalamu na karatasi, ningerudi nyumbani na ujira wangu.