Kuku wa Mjini na Sheria Zake

Katika kijiji cha Jego, kilicho kwenye bonde la Mto Umba, njiani kwenda Vanga na karibu na mpaka wa Tanzania, hakuna aombaye idhini ya kufuga kuku. Alfajiri tundu hufunguliwa, kuku wakashinda wakiparura uani, na magharibi ikiingia hurejea wenyewe kulala. Aghalabu mwenye kuku hao ni mama wa nyumba, kwani hiyo ndiyo mali awezayo kuiuza siku ya dhiki bila ya kungojea ruhusa ya mtu, na ndiyo kitoweo cha mgeni aliyefika ghafula. Lakini mtoto wa mama huyo akihamia mji mkubwa kutafuta riziki, huenda akakuta kwamba jambo lililomlea limeandikwa katika kanuni za mji kuwa ni kosa.

Wala mtu asidhani kwamba mji na kuku havipatani kwa asili yake. Ibn Battuta, alipofika Mogadishu mwaka 1331, aliandaliwa wali wa samli pamoja na vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Na Mreno Duarte Barbosa, aliyeandika habari za Mombasa mwanzoni mwa karne ya 16, aliwataja kuku walionona miongoni mwa neema zake. Pwani ilikuwa na miji ya mawe, yenye misikiti na bandari, kabla ya kuja utawala uliowahesabu kuku kuwa ni uchafu.

Utawala huo ulikuwa wa Kiingereza, na katika mambo ya miji uliongozwa sana na hofu ya maradhi. Tauni ilipozuka Nairobi mwaka 1902, soko la Wahindi lilichomwa moto. Mwaka 1921 ikatungwa Sheria ya Afya ya Umma. Na mwaka 1928, baada ya tume ya Jaji Feetham kutoa ripoti yake juu ya Nairobi na Mombasa, ikaja sheria ya serikali za mitaa, ambayo kwayo mabaraza yalipata nguvu za kujitungia kanuni. Hapo ndipo mambo yalipopinda. Maana Sheria ya Afya, ambayo ingali ikitumika, haimharamishi ndege asilani: inalolikemea ni banda lililojengwa au kutunzwa vibaya hata likawa karaha au hatari kwa afya ya watu. Hayo ni maneno ya insafu. Watungaji wa kanuni za miji, kwa kupenda wepesi, waliacha kupima madhara wakaona bora kukataza.

Marufuku hayo hayakutiiwa, na sababu yake ni njaa, si ukaidi. Mwaka 1985 taasisi ya utafiti iitwayo Mazingira ilichunguza miji sita ya Kenya, Mombasa ikiwamo, ikakuta kwamba asilimia 17 ya nyumba zilifuga wanyama mumo humo mjini. Watu hao wote waliishi kwa kuvumiliwa tu, na anayevumiliwa hana pa kushitaki siku askari wa baraza akija kumchukulia kuku wake.

Katiba ya 2010 ilizikabidhi kaunti mambo ya ufugaji, na mwaka 2015 Nairobi yenyewe, iliyokuwa kiini cha ukali huo, ilitunga sheria ya kuustawisha na kuuongoza ukulima wa mjini badala ya kuukimbiza.

Sasa huku kwetu katika Kaunti ya Kwale, miji ya Ukunda na Diani inapanuka, na viwanja vinazidi kubanana. Jirani ana haki ya kulala bila ya harufu ya banda chafu, na haki hiyo ni lazima ilindwe. Basi enyi waheshimiwa wa bunge la Kwale, mkiketi kutunga kanuni za miji yetu, andikeni usafi wa banda, umbali wake na dirisha la jirani, na idadi ya kuku kwa kadiri ya kiwanja; lakini msimnyang'anye mama wa nyumba tetea wake watano kwa sababu tu amehama kutoka Jego.