Mabega Yaliyobeba Starehe ya Msafiri

Mwezi Aprili 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka madarakani Marekani wiki chache tu kabla, alishuka Mombasa kuanza safari ya uwindaji iliyomchukua karibu mwaka mzima. Msafara wake ulikuwa na wapagazi zaidi ya 200. Kulikuwa na mizigo ya mahema, ya risasi na ya chumvi ya kuhifadhia ngozi za wanyama. Kulikuwa pia na mzigo wa vitabu. Vilikuwa kama 60, vimejalidiwa upya kwa ngozi ya nguruwe ili vistahimili jasho, vumbi na mvua, na vimepangwa katika sanduku jepesi ambalo uzito wake ulikadiriwa usizidi ratili 60, yaani kilo 27 hivi. Kipimo hicho hakikuchaguliwa ovyo. Ndicho kilichohesabiwa kuwa mzigo wa mtu mmoja.

Orodha ya vitabu hivyo tunayo, kwa majina ya watunzi wake. Aliyevitwika kichwani hamo katika orodha.

Historia ya starehe za msafiri huandikwa hivyo mara nyingi. Tunasimuliwa kiti kilivyoinamishwa, chakula kilivyopakuliwa, godoro lilivyokuwa laini, na msimuliaji huwa ni yule aliyekalia kiti. Afrika Mashariki ni mahali pazuri pa kuisoma habari hii upya, kwa kuwa hapa zimepita karibu aina zote za usafiri wa mbali: jahazi, msafara wa miguu, reli, ndege ya kutua majini na ndege ya jeti.

Tuanze pwani. Msafiri Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alieleza desturi iliyomvutia. Jahazi likitia nanga, vijana wa mji walilifuata kwa vyombo vidogo, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa, akimpa mfanyabiashara mmoja na kutangaza kwamba huyo ndiye mgeni wake. Tangu hapo mgeni alilala nyumbani kwa mwenyeji huyo, na bidhaa zake ziliuzwa kupitia mkono wa mwenyeji huyohuyo. Ukarimu na udalali vilikwenda pamoja, na sioni aibu yoyote ndani yake. Mombasa, alikokaa usiku mmoja tu kabla ya kuelekea Kilwa, aliona visima milangoni pa misikiti, kata ya mbao ya kutekea maji, na mkeka mzito wa kufutia miguu baada ya kuiosha. Msafiri aliyetembea pekupeku juani hakuhitaji maelezo zaidi kujua kwamba amefika mahali pa watu.

Nyumba za mawe za Lamu ziliyaweka mambo haya katika ujenzi wenyewe. Mlangoni kuna daka lenye viti vya mawe, mahali pa kumkalisha mtu kabla hujaamua kama ataingia ndani. Karibu na kiwanda, yaani ua wa ndani wa nyumba, kuna sabule, chumba cha mgeni wa kiume, kilichotengwa na vyumba vya familia. Mfanyabiashara aliyekuja na kaskazi alilazimika kuingoja kusi ili arudi kwao, kwa hiyo hakuwa mgeni wa siku mbili. Alikaa miezi. Chumba chake kilikuwa sehemu ya biashara kama ilivyokuwa ghala. Tusisahau, hata hivyo, kwamba katika nyumba nyingi za namna hiyo aliyeteka maji ya kuoga mgeni alikuwa mtumwa.

Reli ya Uganda, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika ziwani, mahali panapoitwa Kisumu leo, mwaka 1901, ilileta msafiri wa namna nyingine. Huyu alikuwa na tiketi badala ya mwenyeji. Hapo mwanzo reli haikumfadhili sana. Mabehewa hayakuwa na ujia wa kupita kutoka moja hadi jingine wala behewa la kulia chakula. Abiria wa daraja la kwanza walibeba matandiko yao wenyewe, na treni ilisimama Voi na Makindu ili washuke kula katika majumba ya mapumziko yaliyoigwa kutoka India. Vumbi jekundu la nyika ya Taru liliingia kila mahali, na malalamiko kuhusu nyama ya kopo ya majumba yale ni mengi katika vitabu vya wasafiri wa enzi hiyo. Behewa la kulia chakula, lenye vitambaa vyeupe mezani, lilikuja baadaye. Lakini madaraja yalikuwapo, nayo yalifuata rangi ya ngozi: Mzungu la kwanza, Mhindi la pili, Mwafrika la tatu, kwenye mbao tupu.

Hoteli nazo zilifuata mkondo huohuo. Stanley ilianza Nairobi mwaka 1902, na Norfolk ikafungua milango yake Krismasi ya 1904. Norfolk ilisifika kwa baraza yake, mahali pa kukaa na kinywaji huku ukitazama wanaopita. Ni kutoka baraza hiyo ambapo tarehe 16 Machi 1922 walowezi walishiriki kuufyatulia risasi umati uliokuwa umekusanyika kudai mwanaharakati Harry Thuku aachiliwe. Sijui mfano mwingine unaoonyesha waziwazi kiasi hicho starehe hii ilikuwa ya nani.

Kisha ikaja ndege, na hapa inafaa tukae kidogo.

Tarehe 28 Februari 1931 shirika la Imperial Airways la Uingereza lilianzisha safari ya kila wiki kutoka London hadi Mwanza. Mwaka uliofuata njia hiyo ilifikishwa Cape Town, na safari nzima ilichukua siku 11 hivi. Abiria alibadilisha vyombo mara kadhaa: ndege ya nchi kavu, treni, ndege ya kutua majini, kisha ndege ya nchi kavu tena. Ndege kubwa za Handley Page zilizofika Kisumu zilikuwa na mabawa mawili mawili, moja juu ya jingine, na mwendo wake ulikuwa kama kilomita 160 kwa saa. Ndani yake mlikuwa na viti vya kunesa, kuta zilizopambwa kwa mbao, mapazia na chakula kamili mezani. Kampuni ilitaka abiria ajione yumo katika behewa la kifahari la treni na kusahau kwamba ananing'inia angani.

Kusahau huko hakukuwa kwepesi. Ndege hizo ziliruka chini, mahali ambapo hewa ya joto la Sudani huzitikisa saa zote za mchana, na kichefuchefu kiliwashika wengi. Abiria alipimwa uzito pamoja na mizigo yake kabla ya kupanda. Usiku hakuna aliyesafiri: watu walishushwa, wakalala hotelini au katika majumba ya kampuni, wakaamshwa kabla ya alfajiri ili waruke kungali baridi. Kwa sababu hiyo kampuni ya ndege ililazimika kuwa pia kampuni ya vitanda, vyandarua, maji ya kuoga na chai ya saa kumi usiku. Huko Sharjah, katika njia yake ya India, mtawala wa mji aliijengea nyumba ya mapumziko yenye umbo la ngome mwaka 1932. Jengo hilo bado lipo na sasa ni makumbusho, Al Mahatta.

Mwaka 1937 ndege za Short Empire zilichukua njia yote, kutoka Southampton hadi Durban, zikitua majini tu. Ukiyasoma majina ya vituo vyake utaona mto, ziwa na bahari vikifuatana: Khartoum, Malakal, Butiaba, Port Bell, Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam, Lindi, kisha Msumbiji. Ndani yake mlikuwa na chumba cha kuvutia sigara, na kingine chenye nafasi ya kusimama kando ya madirisha marefu, pamoja na mhimili wa kuegemezea viwiko, ili abiria atazame viboko na tembo wa Nile wakipita chini. Jiko halikuwamo. Chakula cha moto kilipikwa nchi kavu, kikapakiwa katika vyombo vya kuhifadhi joto, kikapelekwa kwa mashua.

Mashua hizo ndizo zinazonishughulisha mimi. Ndege iliyofungwa kwenye boya katikati ya bandari ya Dar es Salaam au hori la Lindi haina ngazi wala mlango wa kufikika kwa miguu. Kila abiria, kila birika na kila shuka lililofuliwa lilivuka maji mikononi mwa mtu wa hapa. Picha za matangazo ya wakati ule huonyesha bawa likimeta na mwanamke mwenye kofia akitabasamu. Mwendesha mashua, akionekana, huwa ukingoni mwa picha.

Vita vilipokwisha, shirika la BOAC, mrithi wa Imperial Airways, liliendelea na ndege za kutua majini kwa muda mfupi. Solent zake za ghorofa mbili, zenye viti 34, zilitua ziwa Naivasha kuwahudumia abiria wa Nairobi hadi safari hizo zilipokoma Novemba 1950. Wapo wanaodai kwamba usafiri wa anga haujawahi kuwa na raha kuliko ule. Huenda ni kweli kwa abiria 34.

Raha ya aina mpya haikuonekana kwa macho. Ilikuwa hewa. Tangu Boeing 307 ya mwaka 1940 mafundi walijua kuujaza mwili wa ndege hewa kwa shinikizo, ili uruke juu ya mawingu na misukosuko huku abiria akipumua bila shida. Tarehe 2 Mei 1952 ndege ya Comet ya BOAC iliondoka London kwenda Johannesburg ikiwa na abiria 36, safari ya kwanza ya kibiashara ya abiria kwa jeti duniani. Ilipitia Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone, ikafika chini ya saa 24. Nauli ya kwenda tu ilikuwa pauni 175. Kwa hiyo uwanja wa Entebbe, kando ya ziwa, umo katika historia ya jeti tangu siku yake ya kwanza, na hilo nadhani tunalitaja mara chache mno. Comet hiyohiyo ilipasuka angani karibu na kisiwa cha Elba tarehe 10 Januari 1954, ikaua watu wote 35 waliokuwamo. Uchunguzi uligundua kwamba metali ya mwili wa ndege ilikuwa imechoshwa na kule kujazwa hewa na kupunguzwa, safari baada ya safari. Utulivu wa abiria leo katika mita 11,000 umenunuliwa kwa somo hilo.

Nairobi wakati huo haikuwa na uwanja wa kutosha kwa ndege kubwa. Uwanja wa Embakasi ulifunguliwa tarehe 9 Mei 1958, na sehemu kubwa ya kazi ya kuujenga ilifanywa na mahabusu wa Mau Mau waliofungwa hapo jirani. Jambo hili liko wazi katika kumbukumbu za Kenya, lakini abiria anayesubiri ndege akinywa kahawa hana njia ya kulijua kwa kutazama kuta.

Mwaka mmoja na miezi michache baadaye, Septemba 1959, wanafunzi 81 waliondoka Nairobi kwa ndege ya kukodi kwenda kusoma Marekani, katika mpango uliosukumwa na mwanasiasa Tom Mboya. Ukoo mzima ulikuja kumsindikiza mmoja. Embakasi ulikuwa na roshani ya kuwapungia wasafiri mkono, ambayo Wakenya wa rika fulani wanaikumbuka vizuri kuliko wanavyoikumbuka ndege yoyote. Kwa maoni yangu hakuna huduma ya uwanja wa ndege iliyotufaa zaidi ya hiyo, kwa kuwa kwetu hasafiri mtu peke yake hadi mlango ufungwe. Viwanja vya siku hizi vinamwona msindikizaji kama kero: hana kiti, hana kivuli, na gari lake linalipishwa kwa dakika.

Shirika la East African Airways, lililoundwa mwaka 1946 na baadaye kumilikiwa na Kenya, Uganda na Tanzania huru, lilipokea Super VC10 kuanzia 1966. Injini zake nne zilikuwa mkiani, hivyo waliokaa mbele walisafiri katika ukimya usio wa kawaida. Cha maana zaidi ni kwamba baada ya uhuru wahudumu Waafrika, wanawake na wanaume, walivaa sare yake na kuikaribisha dunia ndani. Shirika lilikufa mwaka 1977 pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Dar es Salaam ilipata jengo lake jipya la abiria mwaka 1984, kazi ya Paul Andreu, Mfaransa aliyesanifu pia jengo la kwanza la uwanja wa Roissy, Paris. Tangu Agosti 2019 jengo la tatu, lililokusudiwa kuhudumia abiria milioni 6 kwa mwaka, limechukua nafasi yake kwa safari za kimataifa. Viyoyozi vipo, intaneti ipo, maduka yapo.

Mhudumu aliyeanza kazi East African Airways akiwa na miaka 20 mwaka 1966 sasa anagusa miaka 80. Wapishi, madobi na mabaharia waliohudumia ndege za majini Kisumu na Lindi wameshaondoka, wamebaki watoto na wajukuu wao. Kama nyumbani kwenu kuna sare, beji, barua ya kuajiriwa au picha ya mzee kando ya ndege, usiitupe. Ipeleke makumbusho ya taifa iliyo karibu nawe, na kabla ya hapo keti na mwenye nayo, washa simu, umrekodi akitaja majina ya wenzake.