Kwa nini betri iliwasha redio lakini haikuivisha maharage?

Kabla ya sola kuenea vijijini, wengi waliokuwa na redio au televisheni walitegemea betri ya gari. Chaji ikiisha, inafungwa nyuma ya baiskeli, inapelekwa mjini. Betri hiyo ni mjukuu wa ile ya risasi aliyoitengeneza Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, ya kwanza iliyoweza kuchajiwa tena.

Sasa jiulize: pale Nyakisasa, mwenye betri kama hiyo mbona bado alipikia kuni? Na mbona fundi redio alipasha chuma chake cha kulehemu kwenye makaa?

Sio kwamba sayansi ilikosekana. James Joule alionyesha mwaka 1841 jinsi umeme unavyogeuka joto ndani ya waya. Mwaka 1906 Albert Marsh akapata hataza ya waya wa nikeli na kromu, unaowaka mwekundu bila kuungua upesi.

Shida ni hesabu. Betri ya volti 12 na ampia-saa 50 inabeba wati-saa 600, na ukitumia zaidi ya nusu mara kwa mara inakufa mapema. Nusu hiyo inaendesha redio ya wati 5 kwa saa 60. Chuma cha kulehemu cha wati 60 kinaimaliza kwa saa 5 tu. Kuchemsha lita moja ya maji kunakula karibu wati-saa 90, yaani chaji ya simu kama sita! Na maharage hayaivi maji yakichemka tu.

Ngara inajua bei ya joto. Mwishoni mwa Aprili 1994, zaidi ya watu 200,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa takribani siku moja, kambi ya Benaco ikazaliwa. Mahindi na maharage ya msaada yalitaka kuni, na miti ikatoweka kuzunguka kambi.

Leo Rusumo ina mtambo wa megawati 80 unaohudumia Tanzania, Rwanda na Burundi. Betri za lithiamu-ioni, zilizoingia sokoni mwaka 1991, zinabeba nishati nyingi kwa uzito mdogo. Lakini kilichobadilisha hesabu zaidi ni sufuria: jiko la umeme la presha linafungia joto ndani, halilipashi jiko zima la nyumba.

Kwa hiyo kabla ya kutafuta betri kubwa, loweka maharage, funika sufuria. Joto usilolipoteza hulichaji tena.